Kusafisha bastola ya plastiki: Mafuta machache, tahadhari nyingi

Iyula, Mbozi

WAMILIKI halali wa bastola zenye mwili wa plastiki ngumu wanaoishi Iyula, wilayani Mbozi, na maeneo mengine ya Mkoa wa Songwe, wana maadui wawili wasiopigiwa kelele: vumbi la kiangazi na mafuta yanayopakwa kupita kiasi. Adui wa tatu, aliye hatari kuliko hao wote, ni risasi moja iliyosahaulika ndani ya chemba wakati mwenye silaha ameketi kuisafisha.

Silaha iliyotunzwa vibaya humtia mwenyewe hasarani kwa njia mbili. Inaweza kugoma siku anayoihitaji, na inaweza kufyatuka siku asiyoitarajia, ndani ya nyumba yake, watoto wakiwa chumba cha pili. Kinga ya yote mawili ni moja: kujua silaha hiyo imeundwaje, na kufuata utaratibu uleule kila mara bila kuruka hatua.

Mkoa wa Songwe, ulioanzishwa mwaka 2016 baada ya kumegwa kutoka Mkoa wa Mbeya, ni eneo la kilimo na biashara. Mbozi hutoa kahawa na mahindi, na Tunduma ni lango kuu la biashara kati ya Tanzania na Zambia. Fedha hutembea, na baadhi ya wafanyabiashara wameomba leseni ya kumiliki bastola kwa ajili ya kujilinda.

Hali ya hewa ya huku, hata hivyo, haina urafiki na silaha. Kuanzia takriban Juni hadi Oktoba, vumbi jekundu la barabara za vijijini huingia kila mahali, hata ndani ya mkoba uliofungwa. Kuanzia Novemba mvua hufuata, na unyevu hubaki ndani ya nyumba kwa miezi kadhaa. Silaha inayobebwa kiunoni kwenye pikipiki hukutana na hali zote hizo mbili, pamoja na jasho la mwenyewe.

Si plastiki tupu

Jina la "bastola ya plastiki" huwapotosha wengi. Kilicho cha plastiki ni mwili wa chini tu, yaani kishikio na fremu inayobeba mitambo ya kufyatulia. Plastiki hiyo ni polima ngumu ya jamii ya nailoni, isiyopata kutu na nyepesi kuliko chuma.

Sehemu zinazofanya kazi nzito zimebaki kuwa za chuma. Mtutu ni wa chuma. Slaidi, yaani kile kipande kirefu cha juu kinachorudi nyuma kila risasi inapotoka, ni ya chuma. Springi, pini ya kugonga na kivuta ganda ni vya chuma pia. Hata ndani ya fremu ya plastiki mmezamishwa reli fupi za chuma ambazo slaidi huteleza juu yake.

Kampuni ya Heckler & Koch ya Ujerumani ndiyo iliyotangulia kuleta bastola ya namna hiyo, VP70, mwaka 1970. Iliyoeneza teknolojia hiyo duniani ni Glock 17 ya Austria, iliyobuniwa na Gaston Glock na kuchaguliwa na jeshi la nchi hiyo mwaka 1982. Ikiwa haina magazini, bastola hiyo ina uzito unaozidi kidogo gramu 600, na magazini yake ya kawaida hubeba risasi 17 za milimita 9. Tangu hapo watengenezaji wengi wamefuata njia hiyo, na leo bastola nyingi mpya mikononi mwa polisi na raia duniani ni za fremu ya polima.

Kwa kuwa reli za fremu ni fupi, eneo ambalo chuma husuguana na chuma ni dogo. Ndiyo maana bastola ya aina hii huhitaji matone machache tu ya mafuta. Anayeimwagia mafuta kama anavyomwagia mnyororo wa baiskeli huwa haisaidii, bali huiandalia ugonjwa.

Mazoea ya gobore

Kosa la kupaka mafuta mengi lina asili yake. Katika vijiji vingi vya Tanzania, silaha iliyozoeleka kwa vizazi ni gobore, bunduki inayoshindiliwa baruti na gololi kupitia mdomo wa mtutu. Baruti nyeusi ya gobore huacha masizi mengi yanayonyonya unyevu wa hewa. Yasipooshwa kwa maji mapema, mtutu huliwa na kutu kwa muda mfupi. Hivyo basi, desturi ya kuosha, kukausha na kisha kupaka mafuta kwa wingi ilikuwa na maana kwa silaha ile.

Bastola ya kisasa hutumia baruti isiyotoa moshi mwingi, na masizi yake ni machache. Aidha, gobore halina slaidi inayokwenda mbele na nyuma wala pini inayopita ndani ya tundu jembamba. Mafuta mengi kwenye gobore huchafua mikono ya mwenyewe tu. Mafuta mengi kwenye bastola hukusanya vumbi na masizi, yakageuka kuwa tope zito linalopunguza kasi ya slaidi na kuziba njia ya pini ya kugonga. Pini ikipoteza kasi, hugonga kiwashio cha risasi kwa udhaifu, na risasi haitoki.

Ipo tofauti nyingine iliyo kubwa zaidi. Gobore likishafyatuliwa huwa tupu mpaka lishindiliwe upya. Bastola hujipakia yenyewe: kila risasi moja ikitoka, nyingine hupanda kutoka kwenye magazini na kuingia katika chemba, tayari kufyatuliwa. Aliyezoea silaha ya kwanza hujidanganya kwa urahisi kuhusu ya pili.

Magazini kwanza, slaidi baadaye

Kabla ya kugusa kitambaa au chupa ya mafuta, kazi ya kwanza ni kuhakikisha silaha ni tupu. Mtutu uelekezwe upande ulio salama muda wote, na kidole kikae nje ya kifyatulio, kikiwa kimenyooka juu ya fremu. Upande salama si dari wala mlango wa chumba wanamolala watu, kwani risasi ya milimita 9 hupenya mlango wa mbao na bati bila shida.

Hatua ya kwanza ni kuondoa magazini. Hatua ya pili ni kuvuta slaidi nyuma mara kadhaa ili risasi iliyomo ndani ya chemba itoke. Hatua ya tatu ni kuifunga slaidi ikiwa nyuma na kutazama ndani ya chemba kwa macho, kisha kupapasa kwa ncha ya kidole kidogo. Macho huweza kudanganywa na mwanga hafifu wa taa, kidole hakidanganywi. Baada ya hapo hutazamwa pia tundu la magazini kuona kuwa hakuna kitu.

Mpangilio wa hatua hizo si suala la mazoea. Mtu akianza kwa kuvuta slaidi huku magazini ikiwa bado ndani, risasi iliyokuwa katika chemba hutoka na kuanguka chini, naye huiona na kuridhika. Lakini slaidi inaporudi mbele huchukua risasi nyingine kutoka kwenye magazini na kuiingiza chemba. Akiondoa magazini wakati huo, mkononi hubaki na silaha anayoamini ni tupu, ilhali ina risasi moja.

Ni hapo ambapo muundo wa baadhi ya bastola hizi, Glock ikiwamo, huongeza hatari. Ili kuitenganisha slaidi na fremu, mwenye silaha hulazimika kwanza kukivuta kifyatulio. Kama chemba ina risasi, risasi hiyo hutoka. Katika nchi nyingi, ajali za kusafisha silaha zimetokea namna hii, na waliohusika aghalabu walikuwa watu wenye uzoefu, si wageni wa silaha. Miundo mingine haihitaji kifyatulio kivutwe, lakini utaratibu wa kukagua ni uleule kwa zote.

Risasi zote, pamoja na magazini yenye risasi, zihamishiwe chumba kingine kabla kazi haijaanza. Simu izimwe, televisheni izimwe, na wageni wasubiri. Anayekatishwa katikati ya kazi, akirudi, na aanze ukaguzi upya kana kwamba hakuwahi kuufanya.

Kusafisha

Bastola iliyokwisha kukaguliwa hutenganishwa katika sehemu kuu nne tu: fremu, slaidi, mtutu, na springi pamoja na fimbo yake. Magazini huwekwa kando kama sehemu ya tano. Mmiliki wa kawaida hana sababu ya kwenda mbali zaidi ya hapo. Kung'oa pini za fremu au kufungua mitambo ya kifyatulio ni kazi ya fundi.

Vifaa vinavyohitajika ni vichache: fimbo ya kusafishia mtutu, brashi ya shaba nyekundu au ya nailoni inayolingana na kipenyo cha mtutu, vipande vya kitambaa cha pamba, mswaki wa zamani, dawa ya kuondolea masizi na mafuta ya silaha. Brashi ya waya wa chuma isitumike, kwa kuwa hukwangua.

Mtutu husafishwa kuanzia upande wa chemba kuelekea mdomoni, si kinyume chake. Mdomo wa mtutu ndio unaoiaga risasi. Mkwaruzo mdogo mahali hapo huweza kupunguza shabaha. Brashi iliyolowekwa dawa hupitishwa hadi itokee upande wa pili ndipo irudishwe. Baada ya dakika chache hufuata vipande vya kitambaa kikavu, kimoja baada ya kingine, mpaka kimoja kitoke kikiwa safi.

Slaidi husafishwa kwa mswaki, hasa uso unaokaa nyuma ya risasi na chini ya kivuta ganda, mahali masizi yanapopenda kujificha. Wakati wa kazi hiyo slaidi ishikwe huku upande wake wa mdomo ukiwa umeelekea chini, ili dawa isitiririke na kuingia katika tundu la pini ya kugonga. Tundu hilo linatakiwa kubaki kavu daima.

Fremu ya plastiki hufutwa kwa kitambaa kilicholowa kidogo, na reli zake hupigwa mswaki. Petroli haifai: mvuke wake hushika moto kwa cheche ndogo, na jiko la mkaa au koroboi katika chumba hicho hicho hutosha kuleta msiba. Thina ya rangi haifai pia, kwa sababu huweza kuharibu sehemu za plastiki na alama za kulengea.

Bastola mpya ya Glock hutoka kiwandani ikiwa na kilainishi cha rangi ya shaba kwenye baadhi ya sehemu za slaidi. Wengi hukidhania uchafu na kukikwangua. Mtengenezaji huelekeza kisiondolewe, kwani husaidia kuilainisha slaidi kwa muda mrefu.

Mafuta yaende wapi

Baada ya kila sehemu kuwa kavu, ndipo mafuta hutumika. Kwa bastola za mfumo wa Glock, maelekezo ya msingi yanaweza kuhesabiwa kwa vidole.

Tone moja huwekwa katika kila mfereji wa slaidi unaopita juu ya reli, na kusambazwa kwa kidole. Mtutu hufutwa kwa nje kwa kitambaa chenye mafuta kidogo, hasa mahali unapogusana na slaidi. Sehemu ya ndani ya slaidi, kwa mbele, pale mtutu unapopita, hufutwa vivyo hivyo. Mwisho, tone moja huwekwa katika kona ya nyuma ya fremu ambapo upau wa kifyatulio hugusana na kile kipande chembamba cha chuma kinachouongoza. Tone hilo la mwisho ndilo linalosahauliwa zaidi, na kutokuwapo kwake hufanya kifyatulio kiwe kizito na kuwahi kuchakaa.

Jumla ya mafuta yote hayo ni matone matano au sita. Kama mafuta yanaonekana yakichuruzika baada ya bastola kuunganishwa, yamezidi na yafutwe.

Mahali pasipotakiwa mafuta ni pengi kuliko panapotakiwa. Ndani ya mtutu na chemba pakauke kabla ya silaha kutumika. Uso wa nyuma ya risasi ubaki mkavu. Tundu la pini lisiguswe. Magazini isafishwe kwa kitambaa kikavu na isipakwe chochote, kwa kuwa mafuta yake huishia kwenye risasi. Risasi zenyewe zisipakwe mafuta kabisa: yakipenya hadi kwenye kiwashio huweza kuiua risasi bila dalili yoyote kwa nje, na mwenyewe akaja kutambua siku ya hatari.

Aina ya mafuta nayo ina maana. Mafuta mepesi yaliyotengenezwa kwa ajili ya silaha ndiyo yanayofaa. Mafuta ya kupikia, yakiwamo ya alizeti yanayopatikana kwa wingi Nyanda za Juu Kusini, hayafai hata kwa dharura. Yakipigwa na hewa kwa muda huganda na kunata mithili ya gundi. Oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye injini ya pikipiki au lori ina chembe za chuma na mabaki ya tindikali, hivyo husaga na kula kile inachotakiwa kukilinda.

Kwa miezi ya vumbi, kanuni ni kupunguza mafuta na kufuta mara kwa mara. Kwa miezi ya mvua, silaha iliyolowa itenganishwe siku hiyo hiyo, ikaushwe na kupanguswa kwa kitambaa chenye mafuta kidogo. Slaidi nyingi zimetiwa kinga dhidi ya kutu, lakini springi na pini ndogo huweza kushika kutu mapema. Silaha isihifadhiwe ndani ya mkoba wa ngozi, kwa sababu ngozi hutunza unyevu.

Baada ya kuunganisha

Bastola ikishaunganishwa hufanyiwa majaribio ikiwa bado tupu, baada ya chemba kukaguliwa tena. Slaidi huvutwa na kuachiwa; inapaswa kurudi mbele yenyewe kwa nguvu. Kifyatulio huvutwa huku mtutu ukielekea upande salama. Mlio wa pini usikike. Kisha slaidi huvutwa tena kidole kikiwa bado kimekishikilia kifyatulio, na kifyatulio kinapoachiwa taratibu kinapaswa kurudi mbele na kushika mahali pake. Hatua mojawapo ikishindikana, silaha isipakiwe risasi mpaka fundi aitazame.

Watengenezaji hupendekeza bastola isafishwe kila inapotumika, na ile inayobebwa kila siku ikaguliwe walau mara moja kwa mwezi, hata kama haijafyatuliwa.

Usafi wa mwenye kusafisha nao usipuuzwe. Masizi ya baruti na viwashio huwa na madini ya risasi, sumu inayodhuru zaidi ubongo wa mtoto. Kazi ifanyike penye hewa ya kutosha, mbali na meza ya chakula na vyombo vya jikoni. Vitambaa vilivyotumika vitupwe mahali watoto hawafiki, na mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kula au kumbeba mtoto.

Sheria inavyotaka

Umiliki wa silaha nchini unaongozwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi Namba 2 ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya sheria ya mwaka 1991. Mwaka 2016 Jeshi la Polisi liliendesha uhakiki wa silaha nchi nzima, ambapo wamiliki walitakiwa kufika vituoni na silaha zao pamoja na nyaraka.

Leseni ni ya mtu na silaha yake. Hairithiwi kama shamba la kahawa. Familia inayoikuta bastola ya marehemu sandukuni isijaribu kuifungua wala kuisafisha, bali itoe taarifa kituo cha polisi kilicho karibu. Silaha iliyokaa miaka mingi bila kuguswa huweza kuwa na risasi ndani, na hakuna aliye hai anayejua. Umoja wa Afrika umeutenga mwezi Septemba kila mwaka kuwa mwezi wa msamaha kwa wanaosalimisha silaha kwa hiari.

Kadhalika, mmiliki anaruhusiwa kusafisha silaha yake, lakini matengenezo ni ya fundi mwenye kibali. Kukwangua kipande kwa tupa ili kifyatulio kiwe laini, au kumpelekea fundi wa baiskeli springi iliyolegea, ni kuitoa silaha nje ya usalama iliyoundwa nao.

Bastola isiyotumika ifungiwe katika sefu au kasha la chuma lenye kufuli, risasi zikiwa mahali pengine, na ufunguo ukae kwa mwenye leseni peke yake. Chini ya godoro na juu ya kabati si mahali pa siri. Watoto wa nyumba huvijua vyumba vya wazazi wao kuliko wazazi wanavyodhani.

Matone sita ya mafuta na kitambaa safi hugharimu fedha kidogo. Kinachogharimu zaidi ni dakika mbili za kukagua chemba kwa macho na kwa kidole, na hizo ndizo dakika ambazo mwenye haraka huzikata kwanza.